Sonatubes na Darasa la Usalama wa Kimataifa

Mtu akitoka katikati ya Kigali kwa barabara ya Rwandex hufika Sonatubes, mahali njia zinapogawanyika. Ya kushoto huelekea Remera na uwanja wa ndege wa Kanombe. Nyingine hushuka Kicukiro, ikapita Nyanza na Gahanga, ikaendelea hadi Bugesera. Jina limetokana na kiwanda cha mabomba kilichokuwa hapo. Leo ni makutano yenye taa, mabasi na pikipiki za abiria, na wengi hupita wakiwaza tu kama foleni itawachelewesha kazini.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika usalama wa kimataifa ana sababu ya kusimama hapo kwa muda mrefu zaidi. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamejificha katika shule ya ufundi ya ETO, chini kidogo huko Kicukiro, walitembea kuelekea uwanja wa michezo wa Amahoro ambako kulikuwa na askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Karibu na kiwanda cha Sonatubes walizuiwa. Wakageuzwa, wakaswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, na huko wengi wao wakauawa kwa risasi, maguruneti na mapanga. Saa chache kabla ya hapo walikuwa ndani ya ua uliolindwa na askari wa Ubelgiji wapatao 90, waliovaa bereti za buluu. Waliokimbilia ua huo walikuwa kama 2,000.

Kila swali kubwa la somo hili limo katika mwendo huo wa kilomita chache. Nani aliamuru askari waondoke? Walikuwa askari wa nani saa ile, wa Umoja wa Mataifa au wa Brussels? Sheria iliwaruhusu kufyatua risasi kwa ajili ya nani? Na dunia iliyokuwa ikipata taarifa kila siku iliziona taarifa hizo kama nini?

Kijana anayesikia neno “usalama” kwanza hufikiria bunduki, ujasusi na magari ya kivita. Vyuo vingi navyo huanzia huko. Kozi ya kawaida hufungua na mawazo ya Hans Morgenthau na Kenneth Waltz, wanaofundisha kwamba mataifa huishi bila mkubwa juu yao, hivyo kila moja hujitafutia nguvu. Kisha huja Vita Baridi, silaha za nyuklia, na mizani ya nguvu kati ya Washington na Moscow. Ni elimu yenye thamani, na hakuna anayeweza kuiruka. Lakini mwanafunzi wa Kigali, Bukavu au Ngara akiishia hapo, atatoka na shahada isiyoweza kumweleza kilichompata jirani yake. Watu wa ETO hawakushambuliwa na taifa jingine. Walikuwa wakiwindwa na walinzi wa rais wao wenyewe na wanamgambo wa Interahamwe.

Ndiyo maana somo limepanuka. Mwaka 1983 Barry Buzan alitoa kitabu kilichohoji kwa nini usalama upimwe kwa dola peke yake wakati dola yenyewe inaweza kuwa tishio kwa raia. Mwaka 1994, mwaka uleule wa msiba wa Rwanda, ripoti ya maendeleo ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ilileta wazo la usalama wa binadamu, na kulitandaza katika maeneo saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, wa jamii, na wa kisiasa. Wanazuoni wa Copenhagen, wakiwemo Buzan mwenyewe na Ole Wæver, wakaongeza jambo jingine: tishio pia hujengwa kwa maneno. Kiongozi au chombo cha habari kikiwaaminisha watu kwamba kundi fulani ni hatari kwa uhai wao, mambo ambayo jana yalikuwa haramu huanza kuonekana ya lazima.

Mwanafunzi wa Ulaya husoma nadharia hiyo kwa mifano ya uhamiaji. Hapa Rwanda mfano ni redio. RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, na katika miezi ya mauaji ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003. Hukumu hiyo ni ndefu na nzito, na hakuna kitabu cha nadharia kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi jirani anavyogeuzwa kuwa adui kwa kutangazwa tu.

Katika shahada ya kwanza mwanafunzi huambiwa jambo na kulikumbuka. Katika uzamili anatakiwa ashike hati yenyewe, aisome mstari kwa mstari, na aulize iliandikwa na nani, lini, na nani aliisoma. Kwa tukio la Sonatubes, hati zipo, na zina mengi ya kufundisha.

Ya kwanza ni Azimio 872 la Baraza la Usalama, la tarehe 5 Oktoba 1993, lililounda kikosi cha UNAMIR ili kusaidia utekelezaji wa Mkataba wa Arusha, wa amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi, uliotiwa saini tarehe 4 Agosti mwaka huo. Kikosi kiliruhusiwa kuwa na watu 2,548. Mamlaka yake yalikuwa ya kulinda amani kwa ridhaa ya pande zote, si ya kulazimisha amani kwa nguvu. Tofauti hiyo, ambayo kwenye karatasi huonekana ya wanasheria tu, ilikuja kuwa uhai na mauti ya watu.

Ya pili ni telegramu ya tarehe 11 Januari 1994. Jenerali Roméo Dallaire, Mkanada aliyeongoza kikosi, aliiarifu New York kwamba mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe amefichua maghala ya silaha na mpango wa kuwaorodhesha Watutsi wa Kigali ili wauawe. Dallaire alitaka kuyavamia maghala. Makao makuu yakamkataza, yakamwelekeza apeleke habari hizo kwa Rais Habyarimana na kwa mabalozi wa nchi kubwa. Telegramu hii ni maarufu, na karibu kila mwanafunzi huinukuu.

Inayosomwa kidogo, na inayostahili kusomwa zaidi, ni maelekezo ya tarehe 9 Aprili. Ndege ya rais ilikuwa imedunguliwa usiku wa tarehe 6. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa ameuawa asubuhi ya tarehe 7, pamoja na askari 10 wa Ubelgiji waliopelekwa kumlinda. Sasa New York ilimwandikia Dallaire ashirikiane na Wafaransa na Wabelgiji waliokuja kuwaondoa raia wa kigeni. Asivuke mamlaka yake wala kuharibu msimamo wake wa kutopendelea upande, lakini angeweza kutumia hiari yake kuvuka mipaka hiyo ikiwa ni lazima kwa ajili ya kuwaondoa wageni. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, aliyekuwa waziri mkuu wa Sweden, iliyatoa maelekezo hayo hadharani Desemba 1999. Kumbe sheria ile ile iliyosemekana kuwafunga askari mikono iliweza kulegezwa. Ililegezwa kwa baadhi ya watu, na waliokuwa ndani ya ua wa ETO wakiwa na pasipoti isiyo sahihi hawakuwamo.

Siku mbili baada ya maelekezo hayo, wageni waliokuwa ETO walichukuliwa na askari wa Ufaransa. Wabelgiji wakawasha magari, wakaondoka. Tarehe 21 Aprili, Azimio 912 likaipunguza UNAMIR hadi watu wapatao 270. Rwanda yenyewe, ikiwakilishwa na serikali ileile iliyokuwa ikiendesha mauaji, ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka huo. Mwanafunzi anayetaka kuelewa jinsi Baraza linavyofanya kazi hahitaji mfano mwingine wa kumuumiza zaidi ya huo.

Ni makosa kufundisha habari hizi kana kwamba kila mtu aliondoka. Naibu wa Dallaire, Brigedia Henry Anyidoho wa Ghana, alibaki na askari wake wa Kighana, na baadaye akaandika kumbukumbu zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha, alivuka vizuizi vya barabarani mara kwa mara akiwaokoa watu kwa maneno na ujasiri wake, hadi kombora lilipomuua tarehe 31 Mei 1994. Miaka 20 baadaye Baraza la Usalama likaanzisha medali yenye jina lake. Ukiwaweka watu hawa kando ya kikosi kilichoondoka ETO, unapata swali la tasnifu: askari wa nchi maskini, wenye zana duni, chini ya mamlaka ileile, waliwezaje kufanya zaidi? Jibu haliwezi kuwa sheria peke yake. Lazima liguse amri kutoka mji mkuu wa nchi husika, siasa za ndani, na uamuzi wa mtu aliye mahali penyewe.

Waliookoka wa ETO walilipeleka swali hilo mahakamani. Waliishtaki serikali ya Ubelgiji mjini Brussels. Mwaka 2010 mahakama ya kwanza ilisema uamuzi wa kuondoka shuleni ulikuwa wa Ubelgiji, si wa Umoja wa Mataifa, hivyo Ubelgiji ingeweza kuwajibika. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikageuza: askari wale, ilisema, walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Na Umoja wa Mataifa una kinga, haushtakiwi katika mahakama za nchi. Basi wajibu ukahama kutoka Brussels kwenda mahali ambapo hakuna mlango wa kubisha.

Huko Uholanzi mambo yalikwenda tofauti. Julai 1995, askari wa Kiholanzi wa Umoja wa Mataifa waliwaacha watu mikononi mwa Waserbia huko Srebrenica, nchini Bosnia. Mahakama ya Juu ya Uholanzi mwaka 2013 iliiwajibisha serikali kwa vifo vya wanaume watatu waliotolewa kambini, na mwaka 2019 ikaiwajibisha kwa asilimia 10 kuhusiana na wanaume wapatao 350. Asilimia 10! Mwanafunzi anaweza kukasirika au kushangaa, lakini akitaka shahada itampasa aeleze hesabu hiyo ilifikiwaje: mahakama ilipima uwezekano kwamba wangepona kama wangeruhusiwa kubaki. Kulinganisha Kicukiro na Srebrenica ni kazi ya muhula mzima, na ni aina ya kazi ambayo mtu wa Kigali anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu wa mbali, kwa kuwa anaweza kuitembea njia yenyewe, kusikiliza ushahidi kwa Kinyarwanda, na kusoma majalada kwa Kifaransa.

Majalada hayako mbali. Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, alihukumiwa Arusha tarehe 6 Desemba 1999, na mauaji ya ETO na Nyanza ni sehemu ya hukumu yake. Mahakama ya rufaa ilikithibitisha kifungo chake cha maisha mwaka 2003. Mashahidi walieleza hatua kwa hatua jinsi watu walivyosimamishwa karibu na Sonatubes na kurudishwa nyuma. Kumbukumbu za mahakama hiyo sasa zinatunzwa Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, na nyingi zinasomeka kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana hazina hii mlangoni, na inasikitisha kuona tasnifu nyingi za vyuo vyetu zikinukuu vitabu vya New York kuhusu jambo ambalo ushahidi wake umo umbali wa safari ya basi.

Je, masomo haya yanapatikana wapi? Rwanda ina Kituo cha Usimamizi wa Migogoro, kilichoanzishwa mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Butare na sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Hapo kuna uzamili wa masomo ya mauaji ya kimbari na uzuiaji wake. Huko Nyakinama, wilayani Musanze, chini ya milima ya volkano, kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha jeshi la Rwanda kilichofunguliwa mwaka 2012. Maofisa wa Rwanda na wenzao kutoka nchi nyingine za Afrika husoma huko, na masomo yao huambatana na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, na chuo cha diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Msumbiji na sasa kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Kenya ina idara ya diplomasia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko Karen kuna chuo cha ulinzi pamoja na kituo cha mafunzo ya walinda amani.

Jina la Salim linastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakati wa msiba, na umoja huo ukaunda jopo la wataalamu chini ya Ketumile Masire, rais mstaafu wa Botswana. Ripoti yao ya mwaka 2000 ilitamka tangu kwenye kichwa chake kwamba mauaji yale yangeweza kuzuiwa, nayo ilizigusa Ufaransa, Marekani, Ubelgiji na Kanisa kwa ukali ambao ripoti ya Carlsson haikuwa nao. Mwalimu mzuri huwapa wanafunzi ripoti zote mbili kwa pamoja, awaulize kwa nini wachunguzi wawili wa tukio moja wameandika kwa sauti tofauti. Mwaka huohuo wa 2000, viongozi wa Afrika walipotia saini Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika huko Lomé, waliweka ibara ya 4(h), inayoupa umoja haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Dunia ilifika kwenye wazo kama hilo mwaka 2005, katika mkutano wa kilele wa Umoja wa Mataifa. Afrika ilitangulia, na ni vyema vijana wetu wajue.

Anayesajiliwa darasani ni nani? Maofisa wa jeshi na polisi, ndiyo, lakini pia wanahabari, mawakili, wafanyakazi wa mashirika ya wakimbizi, na maofisa wa wizara. Mchanganyiko huo una faida yake. Meja aliyewahi kupelekwa Darfur, ambako Rwanda ilituma askari wake mwaka 2004, anajua jinsi amri inavyosomeka usiku redio ikikoroma. Wakili anajua neno “kuruhusu” linavyotofautiana na “kuelekeza”. Na mfanyakazi wa kambi anajua maana ya watu 250,000 kuvuka daraja la Rusumo kwa siku moja, kama ilivyotokea mwishoni mwa Aprili 1994, wakaingia Ngara. Mwezi Mei 2015 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mkutano uliotoa kanuni 18 za kulinda raia katika operesheni za amani. Mojawapo inazitaka nchi zinazochangia askari zimpe kamanda wao ruhusa ya kutumia nguvu kuwalinda raia bila kungoja simu kutoka nyumbani. Anayejua kilichotokea ETO anaona mara moja kanuni hiyo ilizaliwa wapi.

Hata hivyo, somo hili lina kipimo kigumu, na hapa ndipo ubora wa chuo hujulikana. Ni rahisi kuwahoji Wabelgiji wa 1994. Ni vigumu kuhoji ya leo ukiwa Kigali, Kinshasa au Kampala. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, kundi la waasi mashariki mwa Kongo. Rwanda imekanusha, na kutaja FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya 1994, kuwa tishio lililoachwa bila kushughulikiwa. M23 iliuteka mji wa Goma Januari 2025. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2773, likiitaka M23 iondoke na jeshi la Rwanda liache kuisaidia na lirudi kwao. Juni 27 mawaziri wa Rwanda na Kongo walitia saini makubaliano mjini Washington.

Mwanafunzi mwenye mafunzo ya kweli hawezi kuchagua hati za kuamini kufuatana na rangi ya bendera yake. Njia aliyoitumia kwa telegramu ya Januari 1994 ni ileile atakayoitumia hapa: nani aliandika, alikuwa na ushahidi gani, nani alinufaika, nani alinyamaza. Mnyarwanda ataisoma ripoti ya wataalamu kwa umakini uleule anaoudai Ubelgiji iisome hukumu ya 2010. Mkongo ataichunguza FDLR bila kuipunguzia uzito, na Mtanzania au Mkenya atauliza kwa nini kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoingia Kongo Novemba 2022 kiliondoka Desemba 2023, kikafuatiwa na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Swali hilo la mwisho bado liko wazi kwa wanaotafuta mada ya tasnifu. Kikosi cha Afrika Mashariki kilikuwa na Wakenya, Waganda, Warundi na askari wa Sudan Kusini. Serikali ya Kinshasa ilitaka kipigane na M23. Makamanda waliona kazi yao ni kusimamia usitishaji vita na kukaa kati. Wananchi wa Goma waliandamana wakilalamika kwamba askari wamekuja kutazama. Kazi ya uwandani inaweza kufanywa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kuanzia kwa askari wa Nakuru aliyepewa zamu Kibumba hadi kwa mama mwenye kibanda Munigi, na Umoja wa Afrika uliikubali lugha hiyo kuwa ya kazi Februari 2022. Kinachotakiwa ni mtafiti wa kupata nakala ya amri walizopewa, aziweke kando ya walichokifanya, kisha awaulize watu wa Kibumba, Rumangabo na Kishishe nini kilibadilika askari walipofika, na nini kilibadilika walipoondoka.